Uchambuzi wa Must Love Dogs: Habari Nzuri Iliyokimbizwa

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo tena niko nanyi kutoka hapa Mwanza, na muvi yetu ni ya mwaka 2005, inaitwa Must Love Dogs. Wengi mmekuwa mkiniomba muvi za mapenzi za watu wazima, siyo za watoto wa chuo. Hii niliingoja kwa hamu, maana na mimi ni mwanamke niliyeachika, na kuanza upya ukiwa umevuka arobaini nakujua. Nimeimaliza nikiwa nimeudhika kabisa.

Kisa kwa ufupi. Sarah, anayeigizwa na Diane Lane, ni mwalimu wa chekechea. Ndoa imevunjika, na ndugu zake hawampi nafasi ya kupumua. Dada yake Carol anamwandikisha kwenye tovuti ya kutafuta wachumba bila hata kumuuliza, na anaweka sharti kwamba mwanaume awe anapenda mbwa. Anajitokeza Jake, yaani John Cusack, fundi wa mashua za mbao, naye ndoa yake imemshinda. Wanakwenda kukutana, na mbwa wote wawili ni wa kuazima.

Kuna mahali nimeparudia. Sarah yuko buchani anataka kidari cha kuku, kimoja tu. Jamani! Umezoea kusimama sokoni Kirumba unachagua sato wa familia nzima, halafu inafika siku unamwambia muuzaji nipe mmoja, yule mdogo. Anakutazama. Huyo samaki mmoja anakutangaza mbele ya watu. Diane Lane pale hakuhitaji kichekesho chochote, na nikasema haya, sasa muvi imeanza.

Kumbe ndiyo ilikuwa inaishia. Aliyeiandika na kuiongoza, Gary David Goldberg, ni mtu wa televisheni, ndiye aliyebuni Family Ties ya miaka ya 1980, na mazoea hayo yanaonekana: kila tukio linakimbilia kicheko, kicheko kikipatikana tumeshahamishwa. Wanaume anaokutana nao Sarah ni vituko vitupu, hakuna hata mmoja unayeona naye ana maumivu yake. Inafika mpaka anakwenda kumwona mwanaume wa mtandaoni, anamkuta baba yake mzazi! Baba mjane, binti ameachika, wote wawili wametoka nyumbani kwa sababu ya upweke uleule. Hapo ndipo pa kuweka kituo. Muvi inacheka, inapita.

Na huyo baba ni Christopher Plummer. Anapomweleza binti yake kwamba mapenzi yake makubwa alishayapata kwa mama yao, na hawa wanawake anaotoka nao hawawezi kuijaza nafasi ile, nilisimamisha picha kwanza. Dakika moja ya mzee huyu ina uzito kuliko mbio zote za Sarah na Jake usiku kucha, duka hadi duka, wakitafuta kondomu.

Sasa mashua, na hapa mnivumilie, sisi ni watu wa ziwani. Nendeni Mwaloni mkamtazame fundi wa mitumbwi anavyosukumia pamba kwenye mianya ya mbao, patasi mkono huu, nyundo mkono huu, kidogo kidogo, anarudia palepale mpaka aridhike. Hajasema neno, na umeshajua kama ni mtu wa kuvumilia. Muvi imepewa mwanaume wa namna hiyo, ikaamua awe msemaji! Jake anaongea, anaongea, maneno mazuri yamepangwa, lakini mikono yake hatupewi nafasi ya kukaa tukaitazama.

Lililoniuma zaidi ni talaka yenyewe. Kwetu, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida unapita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kufika mahakamani, unasimulia ya chumbani mbele ya watu. Kisha mgawanyo wa mali. Ni mwaka 1983 ndipo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Aliyepita humo akialikwa soda Capri Point anakwenda na hofu, na hesabu, na watoto wanaouliza mama unakwenda wapi, na jirani aliyeshamwona akipanda bajaji amependeza. Sarah hana hata moja kati ya hayo. Kule ni Marekani na sheria zao ni nyingine, naelewa, ila ndoa ikivunjika lazima iache alama mahali.

Mwishoni Sarah anajitupa majini kumfuata Jake kwenye mashua yake. Kwa macho panapendeza. Lakini walikorofishana kwa ajili ya Bob, baba wa mwanafunzi wa Sarah, na mazungumzo ya kuaminiana tena hatukuyasikia. Watu wa umri wetu tunataka yale mazungumzo!

Nawapa Diane Lane na Christopher Plummer heshima yao yote. Muvi naipa nne kwa kumi. Itazameni kwa ajili ya yule mzee, na msiitazame mkiwa mmetoka mahakamani juzi. Kama kuna muvi ya watu walioachika ambayo iliwagusa kweli, niandikieni jina lake hapo chini, dada zangu na kaka zangu, nami nitaichambua.