Belti ya taimingi ya Subaru EJ20: jenuini, Aisin au ya bei chee? Naanza na ya kwanza mpaka ya mwisho

Wakuu, belti ya taimingi ni ule mkanda unaozungusha kamshafti (zinazofungua valvu) kwa kufuata krenki (inayosukumwa na pistoni). Watu wengi wakiifuata dukani wanauliza "unayo jenuini (ya boksi la kampuni ya gari) au aftamaketi (ya kampuni nyingine)?" na hapo ndipo pesa inapoanza kupotea, maana cha kuuliza ni nani katengeneza belti na nani katengeneza beringi (roli zinazoiongoza belti) zilizomo ndani ya boksi. Subaru hatengenezi belti mwenyewe, Toyota naye hivyo hivyo. Belti za Kijapani zinatoka kwa watu kama Mitsuboshi, Bando na Gates Unitta, beringi zinatoka Koyo, NSK na NTN, halafu zinaingizwa kwenye boksi lenye nembo ya gari. Kwa hiyo kitu kile kile unaweza kukikuta Kariakoo kwenye maboksi mawili na bei mbili.

Kabla hujatoa hata shilingi hakikisha gari lako lina belti, sio cheni. IST, Vitz na Premio zenye injini ya 1NZ au 1ZZ ni cheni, usikubali mtu akuuzie belti ya taimingi. Hiace ya 5L, Prado na Hilux za 1KD, Noah na RAV4 za zamani zenye 3S, hizo ni belti. Subaru zenye injini ya EJ20 ni belti, Forester zisizo na tabo zenye FB20 kuanzia mwisho wa 2010 ni cheni. Nazungumzia zaidi EJ20 kwa sababu ndiyo inayoumiza watu: belti ikikatika au ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni, zinapinda, na injini ina hedi (vichwa vyenye valvu) mbili, kwa hiyo unafungua zote mbili. Ile 3S-FE belti ikikatika kwa kawaida gari linazima tu, unafunga nyingine unaendelea na safari. EJ20 haina huruma hiyo, na dizeli za 5L na 1KD nazo hazina.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja naiweka seti kamili ya Aisin, na najua kuna watakaokasirika kwamba sijaweka jenuini juu. Aisin ni Wajapani wanaotengeneza vifaa vya Toyota na wengine miaka mingi, seti yao ya Subaru inakuja na belti, tenshena (inayoikaza belti), beringi zote na wotapampu (pampu ya maji ya kupooza injini), kila kitu boksi moja, na bei inakuwa chini ya kukusanya jenuini kimoja kimoja. Ile wotapampu ndiyo inayonifanya niipende, kwa sababu kwenye EJ20 wotapampu inazungushwa na hiyo hiyo belti ya taimingi, ikianza kuvuja au kukwama baada ya miezi sita unalipa ufundi mara ya pili na kufungua mbele yote upya.

Namba mbili ni jenuini yenyewe, kutoka kwa wakala au duka ambalo linakupa risiti yenye namba ya kifaa. Kwa ubora haina shida yoyote, ningeiweka ya kwanza kama bei ingekuwa inafanana. Nunua kwa namba sio kwa maneno: belti za Subaru namba zake zinaanza na 13028, za Toyota 13568, mpe muuzaji namba ya chesisi atafute namba kamili. EJ20 ya kamshafti mbili na ile ya nne hazitumii belti moja, kwa hiyo "ya Forester ipo" sio jibu.

Namba tatu, kama mfuko haujakaa sawa, kusanya mwenyewe: belti ya Mitsuboshi, Bando au Gates, beringi za Koyo, NSK au NTN, wotapampu ya GMB au Aisin. Inawezekana kabisa na gari litatembea vizuri, ila inahitaji muda wa kuzunguka na fundi anayejua anachokitaka, na tenshena usiibanie pesa hata kidogo.

Baada ya hapo ni seti zisizo na jina, boksi jeupe au boksi lenye maneno "Japan quality" bila jina la kiwanda popote. Hizi siziwezi. Belti yenyewe unaweza kukuta inakaa, kinachokufa ni beringi, inaanza kulia, inapata joto, inakwama, halafu ndiyo inakula belti. Watu wanasema belti ilikuwa feki kumbe beringi. Na mwisho kabisa ni belti iliyotoka kwenye injini ya mtumba, hata kama inaonekana nzima na imeandikwa Kijapani, hapana. Ukinunua injini ya mtumba badilisha belti ikiwa bado iko chini sakafuni, ufundi hapo ni rahisi sana kuliko ikishaingia.

Dukani usilipe bila kufungua boksi. Beringi nzuri imepigwa jina kwenye chuma chenyewe, ukiizungusha kwa kidole inazunguka kwa uzito kidogo sababu ya grisi, ikizunguka kirahisi na kelele kama ya mchanga irudishe. Belti ikiwa imekunjwa kwa nguvu ikafungwa na waya, au ilining'inizwa juani mlangoni, usichukue hata kama ni jenuini, ndani yake kuna nyuzi za kioo na zikivunjika huwezi kuona kwa nje.

Kuhusu muda, kilomita 100,000 ndiyo kipimo cha Wajapani, lakini dashibodi za magari tunayoletewa nyingi zimerudishwa nyuma, kwa hiyo fungua boneti utafute stika ya Kijapani yenye tarehe na kilomita belti ilipobadilishwa. Usipoiona hesabu kwamba haijabadilishwa. Na wakati mbele imeshafunguliwa weka oili sili mpya za krenki na kamshafti, oili ikidondokea belti mpya inailainisha na kuiua.

Siku ya kufunga kaa na fundi. Ile tenshena mpya inakuja na pini, pini haivutwi mpaka belti imekaa kwenye puli zote. Kwenye puli ya krenki kuna alama ya mshale na kuna kimstari, cha kufuata ni kimstari, mshale ndio unaowapoteza mafundi wengi. Akimaliza azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mkono, ikigoma popote asilazimishe na asiguse swichi.