Gari ya harusi Mji Mkongwe wa Unguja: tazama mlango kabla ya rangi

Kabla hujampigia simu mwenye gari yeyote, toka nje ya mlango wa nyumba atakayotolewa bi harusi, utembee mpaka pale gari inapoweza kusimama bila kuziba njia. Hesabu hatua. Kama nyumba iko Kiponda, Hurumzi au Sokomuhogo, utapita baraza za watu na kukunja kona mbili tatu ndipo uione barabara. Mji huu ulijengwa kwa watu wa miguu na mitaa ikawekwa myembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Gari ilikuja baadaye, na kuta zilishasimama. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, kwa hiyo upana unaouona leo ndio huo huo wa siku ya harusi yako.

Nimesimamia magari katika harusi kadhaa za ukoo wetu, na somo kubwa nililipata katika ile ya mdogo wangu. Tulikodi Land Cruiser nyeupe, ndefu, inang'aa. Dereva aliiingiza mtaa mmoja wa Malindi akitaka kumfikisha mlangoni, na kweli gari ikapita. Lakini ilipokuja kufungua mlango, ukagonga baraza ya jirani baada ya shubiri mbili. Mdogo wangu na gauni lake la mkia akabaki ndani, gari ikarudi nyuma taratibu hadi barabara kuu, watoto wanaipigia makofi, yeye machozi yanamlenga. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye gari si rangi wala modeli. Nauliza mlango wake unafunguka vipi.

Kwa swali hilo, hivi ndivyo ninavyoyapanga magari yanayokodishwa kwa harusi mjini Unguja.

Namba moja naipa Toyota Alphard, na kama mfuko ni mdogo, Noah. Najua wapo wanaosema hiyo ni gari ya kubebea watalii kutoka uwanja wa ndege. Ni kweli inawabeba, na ndiyo sababu madereva wake wanaijua Mizingani, Shangani na Vuga kama viganja vyao. Ubora wake ni mlango wa pembeni unaovutwa kwenda nyuma. Haudai nafasi kubwa upande wa ukutani. Bi harusi anainama kidogo tu na kuingia, na gauni linatandazwa sakafuni bila kukunjwa. Somo wake, yaani kungwi wake, anakaa kando yake, na mama au shangazi nyuma. Alphard ina upana wa karibu mita 1.85. Noah za zamani ni kama mita 1.7 tu, na hizo sentimita 15 unaziona thamani yake pale gari nyingine imeegeshwa nusu barabarani. Chagua yenye kiyoyozi kinachofika viti vya nyuma, ukae humo mwenyewe dakika 10 kabla hujatoa pesa.

Namba mbili ni saluni: Crown, Mercedes, au gari ndogo safi ya ndugu. Kwa bwana harusi ningeiweka hata juu ya Alphard. Yeye kanzu, joho na jambia lake havihitaji nafasi, na anapofika msikitini kushuka kwake ni kwa hatua moja. Pia saluni inapambika vizuri, boneti yake iko chini na maua yanaonekana kwenye picha. Kwa bi harusi aliyevaa gauni pana, kiti cha nyuma cha saluni kinambana, na akishuka lazima awepo mtu wa kumvuta mkono na mwingine wa kuokota mkia wa gauni.

Prado na Land Cruiser nimeziweka namba tatu, na wengi watanipinga hapa. Zina heshima, zinaonekana kwa mbali, na kama ukumbi uko nje ya mji au maharusi wanakwenda kufungia fungate Nungwi au Paje, ningezipanda bila kusita. Ndani ya Mji Mkongwe ni pana (Land Cruiser 200 inakaribia mita 2), ngazi yake iko juu kwa mwenye viatu vya kisigino, na milango inafunguka kwa nje. Ukiipenda sana, iache ikungojee barabara kubwa ya Mkapa, ile ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, usiilazimishe kuingia ndani.

Gari za kale, zile za miaka ya nyuma zilizotunzwa, ni nzuri mno zikisimama Forodhani na Ngome Kongwe nyuma yake. Zikodi kwa picha, saa moja, basi. Nyingi hazina kiyoyozi, na joto la Februari au Machi litayeyusha vipodozi vyote kabla msafara haujafika Mnazi Mmoja.

Limozini ndefu sitaipangia namba. Kona zetu haziitaki.

Wageni wapakie kwenye Coaster. Urefu wake ni karibu mita 7, kwa hiyo ishushe watu Darajani, Mnazi Mmoja au Malindi, kisha ikaegeshe mbali. Wape wageni jina la kituo kimoja tu cha kukutana. Ukiwapa mawili, nusu yao watakuwa kwenye lile jingine.

Sasa zile hatua ulizohesabu mwanzo. Wengi wanaziona ni aibu, wanazificha, wanataka gari izimeze. Mimi naomba mzipe heshima yake. Bwana harusi akitoka msikitini kwenda kumpa mkono mkewe, mlete beni ya tarumbeta au kikundi cha dufu, gari imshushe barabarani na aingie mtaani kwa miguu, akina mama wakipiga vigelegele madirishani na wanywa kahawa wa Jaws Corner wakisimama kumpisha. Hakuna gari inayoweza kukupa hilo. Kwa hiyo toa sehemu ya pesa ya gari uwalipe wapiga beni, na mkubaliane nao mahali hasa watakapoanzia. Kwa bibi au babu asiyeweza kutembea, weka bajaji moja tangu mapema, inapita pembamba kuliko gari yoyote.

Kwa wanaofunga ndoa kanisani hesabu ni nyingine kidogo. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lina uwanja wake na halikai mbali na barabara ya Mkapa. Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, mitaa inayolizunguka ni ya kubana, kwa hiyo nenda na dereva siku moja kabla mkaangalie mtashukia wapi.

Kuhusu saa. Jua la Unguja linazama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasorobo hivi mwaka mzima, na wapiga picha wote wanaitaka Forodhani saa hiyo hiyo. Ni saa hiyo pia wauza urojo na mishikaki wanapanga meza zao na watu wanajaa. Fika saa 11 jioni, piga picha, ondoka kabla ya adhana ya magharibi. Siku ya Ijumaa usipange kupita Darajani wakati watu wanatoka msikitini. Uliza pia kama kuna tamasha Ngome Kongwe, maana Sauti za Busara ya Februari huleta umati mkubwa.

Miezi nayo ina bei zake. Mwezi wa Shaabani kila mtu anakimbiza harusi kabla ya Ramadhani, na Mfunguo Mosi baada ya Idi hali ni hiyo hiyo. Magari mazuri huisha mapema, kwa hiyo kamata lako mara tu siku ya nikahi inapojulikana. Ukiangukia masika, Machi hadi Mei, hakikisha pana mwavuli mkubwa ndani ya gari na nafasi ya kushukia isiyotuama maji.

Makubaliano yaandikwe, hata kama mwenye gari ni mtoto wa mjomba. Andika bei ni ya saa ngapi na saa ya ziada ni kiasi gani, mafuta ni ya nani, chakula cha dereva ni cha nani, nani anapamba na nani anatoa mapambo. Andika arbuni ni kiasi gani na itarudi kwa hali gani. Uliza bima: ya gari ya matumizi binafsi haikusudiwi abiria wa kukodi. Uliza pia atakutoza nini viti vikichafuka, kwa sababu hina isiyokauka vizuri, piko na mafuta ya udi vikishika kiti cheupe havitoki kwa kitambaa. Mimi hubeba shuka mbili nyeupe za kutandika.

Na saa iandikwe kwa Kiswahili kamili. Ndugu walioko Muscat au London wanapotuma ujumbe "gari ifike 10:00", dereva anaweza kusoma saa kumi jioni nao walikusudia saa nne asubuhi. Andika "saa 4 asubuhi, kabla ya adhuhuri", na umpigie usiku wa kuamkia harusi umsomee.

Hesabu pia safari, maana gari moja haimtoshi kila mtu: bwana harusi kwenda msikitini, kisha kwake bi harusi, bi harusi kwenda ukumbini usiku, na maharusi kwenda hotelini. Nikahi ikiwa baada ya isha, safari hizi zinafuatana bila pumzi. Kodi mbili.

La mwisho ni nafasi ya kusimama. Tangu alasiri mweke mtu pale gari itakaposhusha, na awe mtu mzima wa mtaa huo, anayejulikana. Yeye ndiye atakayemwambia mwenye vespa, "Mwanangu, tusaidie, leo tuna harusi," na vespa ikasogezwa.