Kadi za ahadi ya usafi: nzuri, ila si kwa siku ya kwanza

Kadi hizi zilienea kupitia True Love Waits, mpango ulioanzishwa na Wabaptisti wa Marekani mwaka 1993. Kijana anaahidi kutofanya ngono hadi ndoa, anatia sahihi, anaihifadhi ndani ya Biblia. Uzuri wake ni kwamba ahadi inashikika mkononi.

Kasoro iko kwenye kuigawa. Ikitolewa ibadani mbele ya wazazi, kijana husaini kwa kuona haya tu. Utafiti wa wanasosiolojia Bearman na Brückner wa 2001 ulionyesha kuwa walioahidi walichelewa kuanza ngono, lakini walioivunja ahadi hawakujikinga sana kama wenzao.

Kabla ya kugawa kadi, tanguliza vipindi vinne vya dakika 45, vijana wasizidi 12. Weka sanduku la maswali: karatasi za aina moja, na kila mmoja aandike, hata kama ni “sina swali”, ili muulizaji asijulikane. Someni 1 Wathesalonike 4:3–8 taratibu, kisha wafanye mazoezi ya kukataa kwa sauti. Ule mfano wa kumlinganisha aliyekwisha kufanya ngono na bazoka iliyokwisha kutafunwa, tafadhali, acheni kabisa! Mtoto aliyebakwa huusikia kama hukumu yake.

Kadi aende nayo nyumbani, aisaini akiwa peke yake.