Mawakala wanne wa akili mnemba kwenye mradi mmoja: yaliyonikuta

Mwezi wa saba hapa Soweto, Mbeya, baridi ni ya kukaa na kompyuta mapajani hata kama huna kazi. Mimi kazi nilikuwa nayo: mfumo wa kupokelea maparachichi kwa AMCOS moja ya Rungwe, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mkulima analeta mzigo, karani anapima, mfumo unaandika kilo na kumhesabia hela yake. Nilipewa wiki tatu, nikaona niwaite mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazoandika msimbo zenyewe ukizipa kazi, tena wanne kwa mpigo: wa mapokezi, wa malipo, wa ripoti na wa majaribio.

Siku ya kwanza niliwaweka wote kwenye folda moja. Usithubutu. Wa ripoti alikuta faili limebadilishwa, akadhani limeharibika, akalirudisha lilivyokuwa. Wa malipo akaja akaliandika upya. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nahodha nilikuwa mmoja, ila mabaharia wangu walikuwa hawaonani. Tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo matumizi yao huhesabiwa kwavyo, zikawa zinateketea tu.

Kilichoniokoa ni amri ya git worktree, ambayo imo ndani ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, tangu 2015 na sikuwahi kuigusa. Inakupa folda kadhaa za mradi uleule, kila moja na tawi lake (mkondo wake wa mabadiliko), historia ikibaki moja, na inakatalia kufungua tawi moja sehemu mbili mpaka uilazimishe. Usumbufu haukosi: faili la .env, lenye mipangilio ya siri, haliji lenyewe kwenye folda mpya, na seva za Django (zana niliyojengea mfumo) zote zinagombania mlango 8000, namba ya kufikia seva kwenye kompyuta, usipozigawia namba tofauti.

Matawi mawili yalipotengeneza migresheni (faili la kubadilisha muundo wa hifadhidata) namba 0007, Django iligoma palepale, nikayaunganisha kwa makemigrations --merge, yakaisha. Kosa linalopiga kelele halina shida. Lililonitoa jasho ni lile lililonyamaza.

Wakala wa malipo alihifadhi bei kwa senti, yaani mara mia, kama wanavyofanya watengeneza programu wengi wa nchi za dola. Mara ya mwisho mmeshika senti lini? Wa ripoti yeye akaisoma namba ileile kama shilingi. Kila mmoja kwa upande wake alikuwa sahihi. Na wa majaribio alikuwa ametunga vipimo vyake kwa kuangalia msimbo wa kila tawi peke yake, kwa hiyo vyote vilitoka kijani, yaani vimefaulu. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikaenda kuwaonyesha watu wa AMCOS. Tulijaribu na kilo 40, bei ya mfano 1,500. Mama katibu akavaa miwani, akasogea kwenye skrini.

"Mwanangu, hii AMCOS unataka kuifilisi? Milioni sita kwa kilo arobaini?"

Ilitakiwa kuwa elfu sitini. Nikasema samahani mama, nikafunga kompyuta.

Tangu hapo sianzishi wakala yeyote kabla sijaandika ukurasa mmoja ambao wote wanausoma kwanza: bei ni shilingi kamili, uzito ni kilo zenye desimali mbili, jedwali hili la fulani, lile la fulani, na migresheni anatengeneza mmoja tu. Fundi ujenzi hawezi kuacha kila kibarua aje na kamba yake ya kunyooshea ukuta. Sijui kwa nini mimi niliona inawezekana.

Nimewapunguza pia, wamebaki wawili. Wanne wanaandika haraka kuliko ninavyoweza kusoma, na nisichosoma ndicho kinachokwenda kwa mkulima. Kwa wawili nikipitia kazi yao jioni, saa nne nimelala. Mfumo ulikamilika siku tano nje ya muda. Mawakala wenyewe nawapa nyota tatu na nusu, git worktree naipa tano.

Mama katibu hadi leo akinipigia anaanza hivi: "Mzee wa milioni sita, hujambo?"