Uzoefu wangu: Dodge Charger za 1968 hadi 1970 katika skeli ya 1:64

Nimekusanya Charger ndogo (vigari vya mfano vya gari hilo la Kimarekani, vilivyopunguzwa mara 64) za kila daraja, za bei ya chini zenye chasi ya plastiki hadi zile za kufungua boneti. Ukitaka moja tu ya kabatini, chukua ya 1969 yenye bodi na chasi za chuma na tairi za mpira. Ila kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha tatu: mbele, nyuma na tumboni.

Mbele na nyuma ndiko mwaka unakojulikana. Charger ya 1968 ina grili moja isiyokatika, na taa za nyuma ni za duara, mbili kila upande. Ya 1969 grili imegawanyika katikati na taa za nyuma zimelala, ndefu. Ya 1970 bampa ya krome inaizunguka grili yote kama fremu ya picha. Nimeshapokea kigari ambacho kadi ya pakiti yake inasema 1969, kumbe nyuma kina taa za duara. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mkwaruzo wa rangi, kwa sababu mkwaruzo hutokea njiani, lakini taa zimekosewa kwenye kalibu yenyewe na kila kigari kitakachotoka hapo kitakuwa hivyohivyo.

Halafu vipimo. Gari halisi la 1969 lina urefu wa inchi 208, karibu mita 5.28. Gawanya kwa 64 upate milimita 82 na nusu. Wapo watengenezaji wanaolifinya ili litoshe kwenye pakiti ileile ya magari mafupi. Ukiweka kalipa (kifaa cha kupimia milimita) ukasoma 76, ujue umeshika skeli ya karibu 1:70. Likikaa peke yake hutaona kitu. Lipange pembeni ya lenye skeli kamili, litaonekana kama mdogo wake. Pima pia umbali kati ya ekseli mbili: halisi ni inchi 117, kwa hiyo kigari kinatakiwa kisome kama milimita 46.

Za kufungua boneti nazipenda kwa ajili ya injini. Kwenye injini ya Hemi 426 plagi zinaingia katikati ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya vali), si ubavuni mwa silinda hedi, na mtengenezaji makini huonyesha nyaya nne zikizama kwenye kila kava jeusi, juu ya bloku ya rangi ya chungwa. Raha yake ina gharama: mwanya wa boneti. Nusu milimita tu kwenye kigari ni sentimita 3.2 kwenye gari halisi, na fundi yeyote wa bodi angeona aibu kulitoa gari gereji likiwa hivyo. Kama injini haikuvutii, boneti isiyofunguka huwa na mistari safi zaidi.

Picha ya tumboni ni kinga dhidi ya kughushi. Hot Wheels, watengenezaji wa vigari hivi, wana toleo adimu, Super Treasure Hunt, lenye tairi za mpira na alama ya TH kwenye bodi, na bei yake huwa mbali kabisa na ya kawaida. Wajanja huchukua kigari cha kawaida, wakatoboa ribiti (pini inayoshikanisha bodi na chasi) kwa drili, wakabadilisha magurudumu, kisha wakakigandisha kwa gundi. Ribiti ya kiwandani ni laini, imetandazwa sawasawa kama kichwa cha uyoga. Ukiona duara lenye kingo kali, shimo katikati, skrubu au gundi inayong'aa, achana nacho.

Kikifika, kiweke juu ya kioo na upitishe karatasi chini ya kila tairi. Ikipita kwa urahisi mahali pamoja, ekseli imepinda au chasi imekaa mshazari. Chasi ya plastiki hunyooka: maji ya moto dakika 1, inyooshe kwa vidole, kisha maji baridi papo hapo huku umeishikilia. Ya chuma usiilazimishe, utapasua nguzo ya ribiti.

Tairi za mpira ndizo zinazodai uangalizi kuliko kitu chochote. Nyingi si mpira halisi bali ni plastiki laini, na kilainishi chake hutoka polepole kikaila plastiki ngumu inayogusana nayo. Miezi ikipita unanyanyua kigari na kukuta alama nne zilizoyeyuka kwenye sanduku la maonyesho, na tairi zimebonyea upande wa chini. Rafu ya kioo haina shida hiyo. Kwenye sanduku la plastiki, tandika foili ya jikoni chini ya magurudumu, au afadhali zaidi weka kijiti cha mbao chini ya chasi ili tairi zining'inie kidogo. Kwa wanaoishi pwani, ongeza kifuko cha silika jeli, maana ekseli ni za chuma na zinashika kutu. Vumbi litoe kwa brashi laini ya poda. Spiriti usiikaribishe kabisa: mistari ya buti na herufi za R/T ni wino uliochapwa juu ya rangi, na mfuto mmoja unatosha kuzifuta.