Taa ya injini ilifutwa mara mbili, ikaondoka kwa programu mpya

Msimu wa karafuu ulinikuta na taa ya injini. Gari yangu ni lori la dizeli la tani 3, lililotumika Japani kabla ya kufika Pemba, nami huchukulia magunia kutoka Konde hadi Chake Chake. Ikipanda kilima na mzigo, taa ya manjano inawaka, nguvu zinakatika, gari inabaki kutambaa. Huku mvua imetanda na karafuu za watu ziko nyuma. Uchungu wake anaujua aliyewahi kubeba mali ya mwenziwe.

Fundi wa kwanza aliifuta taa kwa mashine ya mkononi. Siku ya tatu ikarudi. Akafuta tena, akachukua pesa tena. Wa pili akaniuzia sensa ya presha ya ekzosi; haikusaidia kitu. Mwengine akanishauri tukikate kichujio cha masizi, kile kinachonasa moshi mweusi kwenye ekzosi, tukitupe. Nilikataa. Moshi ule utavutwa na watoto wa skuli njiani.

Mwisho nikampata kijana kutoka Unguja, akavuka kwa boti hadi Mkoani na kompyuta yake. Alichelewa siku mbili, hilo sikulipenda. Lakini hakukimbilia programu: alikagua kwanza waya na vijibomba vya sensa, akapima presha, ndipo akasoma namba ya programu iliyomo kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini.

"Ami, vyuma vyako vizima. Hii programu ya zamani, mtengenezaji ameshatoa nyengine."

Akanieleza kuwa kompyuta ya injini ndiyo inayokisia masizi yamejaa kiasi gani, na ndiyo inayoamua lini yachomwe kwa joto la kama nyuzi 600. Safari zetu Pemba ni fupi, kupanda na kushuka, kichujio hakipati moto wa kutosha. Na programu ile ilikuwa inachelewa kuanza kuchoma. Hii mpya inawahi.

Kabla ya kuanza kuiweka alifunga chaja ya volti 24 kwenye betri, akanambia nizime taa, redio na feni. Umeme ukishuka katikati ya kazi, kontroli boksi inaweza kufa kabisa. Nusu saa ile sikukaa kitini. Halafu tukachoma masizi gari ikiwa imesimama, mbali na majani makavu, maana ekzosi inakuwa moto hasa.

Nimelipa shilingi 280,000. Ni nyingi, lakini wale wawili wa mwanzo walikula zaidi ya hizo. Hii wiki ya sita, taa haijawaka, na vilima navipanda na magunia yangu yote.

Mkifanyiwa kazi hii, daini namba ya programu ya zamani na ya mpya kwa maandishi. Mimi aliniandikia baada ya kudai; karatasi nimeiweka pamoja na kadi ya gari.