Ushauri wa madeni Upper Hill: nenda kabla hujalipia "kifurushi cha London"

Ofisi hii ya wakili iko Upper Hill, Nairobi, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Wakili ni mama wa makamo ambaye kazi yake ni ufilisi na mikopo ya nyumba, basi. Nawaandikia wenye jamaa ng'ambo na mkopo huku nyumbani, maana tuko wengi.

Kaka yangu ni muuguzi huko Leeds, Uingereza. Alikopa benki akajenga ploti ya kupangisha Roysambu, kwa riba ya kupanda na kushuka. Februari 2024 Benki Kuu ilipofikisha kiwango chake cha riba asilimia 13, malipo ya mwezi yalikuwa yameshapita kodi yote tunayokusanya. Benki ikatuletea notisi ya siku 90 tulipe tulichochelewesha. Ndipo wakala mmoja wa katikati ya jiji akamwambia kaka ajitangaze muflisi hukohuko Uingereza, mwaka ukiisha deni limekwisha. Kifurushi chake: shilingi 180,000.

Kuhusu mwaka, wakala alisema kweli. Kule muflisi kwa kawaida huachiliwa, yaani huondolewa madeni yake mengi, baada ya miezi 12. Lakini ombi hujazwa mtandaoni, ada ni pauni 680, na halihitaji wakala wa Nairobi.

Wakili alitueleza njia hiyo ilivyopata umaarufu. Bei za nyumba zilipoporomoka Ireland kuanzia 2008, muflisi wa huko alikuwa akisubiri miaka 12 kuachiliwa, kwa hiyo wenye madeni ya majengo wakawa wanahamia Uingereza. Si wote waliofaulu kuvuka mpaka. Seán Quinn, aliyewahi kuwa tajiri namba moja Ireland, alitangazwa muflisi Belfast, Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, Novemba 2011, na Januari 2012 mahakama ikabatilisha, kwa kuwa makao ya shughuli zake yalikuwa Jamhuri ya Ireland. Siku chache baadaye akatangazwa muflisi Dublin. Tangu 2016 Ireland nayo ni mwaka mmoja.

Kaka hana shida hiyo, Leeds anaishi kweli. Shida ilikuwa swali ambalo wakala hakuuliza hata mara moja, na wakili aliuliza kabla hatujakaa vizuri: "Nani aliweka sahihi ya udhamini?"

Ni mama yetu, mwalimu mstaafu. Wakili akamwomba bahasha, akazitoa karatasi moja moja, akapiga mstari mwekundu chini ya kifungu cha mdhamini, kisha akamfafanulia kwa Kiswahili, polepole. Mwanawe akiachiliwa Uingereza, yeye mdhamini haachiliwi. Benki itamgeukia yeye. Na ploti iko kwenye rehani, kwa hiyo itauzwa tu, kaka awe muflisi Leeds au kwenye korti za Milimani hapa Nairobi. Isitoshe, mkopo umeandikwa chini ya sheria za Kenya, na korti za hapa zinaweza kukataa kwamba umefutwa na amri ya Uingereza. Mama alinyamaza, halafu akauliza kama shamba lake la Murang'a limo. Wakili hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kama benki itapata hukumu dhidi yake, laweza kufuatwa.

Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Shilingi 6,000 kwa kikao cha kwanza, risiti papo hapo. Barua kwa benki 25,000. Ndani yake alikumbusha kwamba baada ya siku 90 kuna notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na kwamba mnada ukiangusha bei robo nzima chini ya thamani ya soko, sheria ya ardhi inaichukulia benki kuwa imekosea mpaka ijitetee. Akaomba tutafute mnunuzi wenyewe. Benki imekubali.

Kasoro zipo. Simu hazishikwi mchana, na barua ilichelewa mpaka nikaenda kukaa mlangoni. Ngazi zile si za mzee mwenye magoti mabovu. Mama alipumzika kila ghorofa. Nimewapa nyota nne.

Ukienda, beba mkataba wa mkopo, hati ya rehani na notisi zote. Na kama kuna mtu aliyekudhamini, mwende pamoja. Ana haki ya kusikia kwa masikio yake.